Laini Moja ya Makongeni

Hapana, haikuwa imeharibika. Hivyo ndivyo ilikuwa inalia ikiwa nzima kabisa. Kwanza tiiii, halafu krong-krong, halafu kama mtu anamwaga kokoto juu ya mabati, khaaaa, halafu kimya. Hicho kimya ndicho mlikuwa mnangojea. Kimya kikija, intaneti imekubali. Kokoto zikimwagwa mara ya pili, imekataa, weka maji ya chai kwa jiko.

Nawaambia nyinyi mafundi mnaopanda juu ya nyumba zetu hapa Njiru na waya shingoni kama skafu. Mnashuka mnapanguza mikono kwa suruali, mnaniambia, "Shosh, imeshika, jaribu simu yako." Mimi ni Mkamba, nyanya kwetu ni susu, ningetaka hiyo, lakini shosh nimeizoea. Najaribu. Kweli imeshika. Hakuna kitu kimelia, hakuna mtu amengoja. Halafu mnaniangalia mkifikiria, huyu mama hajui hata nini kimefanyika. Sikusoma, hiyo ni kweli, sijui mlango wa darasa hufungukia upande gani. Lakini intaneti ya kwanza kuingia kwa mlolongo wetu wa maduka kule Makongeni nilipokuwa nakaa, iliingia mimi nikiwa nimekaa kando yake kwa stuli. Na ilikuja kunitafuta mimi, vile mtasikia.

Kazi yangu ilikuwa kuita watu.

Msicheke. Hiyo ilikuwa kazi, na ilikuwa na wenyewe. Wairimu alikuwa na bureau pale, duka la kuchapa barua na kadi za harusi na zile karatasi za ratiba ya mazishi. Alikuwa amestaafu kwa ofisi ya wenyewe akafungua yake. Alianza na mashine za kupiga taipu, akaja akanunua kompyuta tatu. Na alikuwa na simu. Simu ya waya, laini moja, imekaa juu ya kitambaa cha kushonwa kwa mkono kama picha ya marehemu. Nyumba za wafanyakazi wa reli karibu zote hazikuwa na simu. Kwa hivyo mtaa mzima ulikuwa umewapa watu wao wa mashambani namba ya Wairimu.

Mtu anapiga kutoka Mwingi au Murang'a, mimi nashika. Ananiambia anataka nani. Namwambia, kata, ngoja kidogo, piga tena. Halafu natoka mbio kwenda kutafuta huyo mtu. Kama yuko, namleta. Kama hayuko, yule wa mashambani akipiga tena ananiachia maneno, na mimi nayabeba vile yalivyo.

Vile yalivyo, mmesikia hapo? Kuna mtu anabeba maneno kama anabeba maji kwa kikapu. Unamwambia, "Mwambie baba yake ng'ombe amezaa lakini hatujui kama ndama atasimama." Anaenda anasema, "Ng'ombe amezaa." Sasa huyo baba anakunywa soda ya furaha na huko nyumbani ndama amelala chini. Mimi nilikuwa nabeba na sauti yake. Kama mtu alikuwa na kikohozi, nakohoa. Kama alikuwa analia na hataki ijulikane, nakaza koo pale pale alipokaza. Nikifika mlangoni sikuwa nasema ni nani amepiga. Nilikuwa naanza tu, "Sasa wewe, huko Nairobi kuna chakula kitamu mpaka umesahau njia?" na mtu anasema, "Ni shangazi." Ni shangazi kweli.

Na kulikuwa na maarifa yake. Habari mbaya huisemi ukiwa mlangoni. Unaomba maji ya kunywa kwanza. Ukishapewa kikombe, mwenye nyumba amekaa, kwa sababu hakuna mtu husimama akiangalia mgeni anakunywa. Hapo ndipo unasema. Habari njema waweza kuanza kuiimba kutoka kona ya barabara. Na ukipewa maneno na msichana mwenye sauti laini ya kupeleka kwa bwana mwenye mke, hiyo sauti unaiacha kwa bureau. Mara moja niliibeba mpaka ndani ya nyumba, nikaiga na kile kicheko chake cha mwisho, hihihi, mke akiwa nyuma ya pazia. Aliniuliza, taratibu sana, "Hebu rudia hapo mwisho." Nikajifundisha.

Sasa intaneti.

Watu walianza kumwendea Wairimu na kumuuliza, "Hapa mna imeli?" Watoto wao wameenda kusoma ng'ambo, wameandika barua ya kompyuta, na barua iko huko hewani inangoja. Wairimu anawaambia hapana, wanavuka wanaenda tauni, kule katikati ya mji. Na wakienda tauni na kazi ya kuchapa wanaipeleka huko huko. Wairimu akawa anakaa mlangoni anaangalia migongo yao. Akaniambia, na nyinyi mnajua vile Wakikuyu wa kwao huongea, "Mama Mwende, hii mbiashara inakufa nikiitasama."

Akaleta injinia. Odhiambo. Mrefu, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unaweza kukukata, na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa ameshafunga zile kompyuta tatu zikaongea, ili zote zichape kwa printa moja. Hiyo kazi nilimuona akiifanya na niliipenda. Ule waya ukiukata, ndani yake kuna nyuzi ndogo za rangi, na kila rangi ina jirani yake. Machungwa hakai na kijani, kahawia ana mahali pake. Mimi nimesuka viondo tangu nikiwa msichana, nikamwambia, "Injinia, huu ni mpaka wa kiondo." Akaniambia, "Mama, huu ni zaidi." Nikamwambia sawa, wako ni zaidi, lakini nani amekosea rangi hapo mwisho? Alikuwa hajakosea. Nilitaka tu kuona vile atashtuka.

Basi akaeleza, amesimama katikati ya duka kama anahubiri. Hii kompyuta ya katikati ndiyo atawekea kidude kinaitwa modemu. Modemu inaingia kwa laini ya simu. Ya katikati inapiga simu kwa wenye intaneti, na hizo mbili za kando zinapitia nyuma yake, zinaomba njia. "Hakuna sida," akasema na ulimi wake wa Kijaluo. "Ni laini moja, masine tatu, wote wanakula."

Mimi nikauliza, "Na simu?"

"Simu gani?"

"Hii ya kuitia watu."

Akamwangalia Wairimu. Wairimu akaangalia kile kitambaa cha simu. Akasema, "Hiyo ndiyo laini, Mama Mwende. Hakuna ingine."

Na hakukuwa na ingine. Ya pili tulikuwa tumeiomba kwa watu wa simu tangu zamani, na kila tukienda tunaambiwa mtaa wetu umejaa. Sasa ikiwa kompyuta iko kwa laini, hakuna mtu anaweza kupiga akaingia. Na hakuna kuita mtu kama hakuna mtu amepiga. Nilielewa hivyo papo hapo, bila shule. Wairimu naye aliona nimeelewa. Alikuwa mtu mzuri. Akaniambia, "Tugawe. Asubuhi ni ya mashine, mchana ni yako. Tujaribu, na ule upande utakaoleta watu ndio utabaki na laini. Sikufichi."

Hakunificha. Nikajua nimewekwa kwa mizani na kidude kidogo kama sahani ya sabuni.

Siku ya kwanza watu walijaa mpaka nje. Wapasua mbao, akina mama wa mboga, mwalimu mmoja wa kanisa amevaa tai. Odhiambo akabonyeza. Ikalia tiii, krong, khaaa. Mama mmoja akavuta mtoto wake nyuma. Kimya. Odhiambo akasema, "Tumeingia." Tukaangalia kioo. Picha ikaanza kuteremka kutoka juu, mstari mmoja, mwingine, kama mtu anavaa sweta ndogo. Tulikuwa tumeona nywele na paji la uso. Wairimu akachoka kungoja. Akasema, "Hii ni polepole sana, wacha nipigie hao watu wa intaneti niwaulize." Akainua simu. Ile laini moja. Picha ikasimama kwa macho. Hatujaona pua ya huyo mtu mpaka leo.

Kwa hivyo somo la kwanza ndilo hilo, na nyinyi wa juu ya nyumba mliweke kichwani: kabla hujagusa waya, uliza nani mwingine ameushikilia. Somo la pili, waya usipite karibu na jiko. Wetu ulipita nyuma ya jiko la chai, ukalainika kama muhogo, na mashine ya kushoto ikakosa njia siku nzima. Somo la tatu, mvua ikinyesha, shuku ile sanduku ya kule juu ya mlingoti kabla hujamshuku mwenzako. Sisi tulikuwa tunaomba fundi wa simu aifunge na karatasi ya nailoni, na nailoni ilifanya kazi kuliko maombi.

Tukaendelea hivyo. Asubuhi mashine, mchana mimi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwaambia, "Waambieni watu wenu wapige mchana." Lakini mtu wa mashambani hupiga simu akienda soko, na soko ni asubuhi. Mchana nakaa kwa stuli, simu imenyamaza, kitambaa chake kimenyooka. Asubuhi watu wamepanga foleni mpaka kwa mshona viatu, wanataka imeli.

Na kulikuwa na kitu kingine ambacho hatukukielewa. Ile modemu ilianza kujiamsha. Asubuhi, kati ya mteja na mteja, laini ikiwa imekaa bure, simu inalia nusu, kri, na kabla niinue mkono, modemu imeshaanza makelele yake. Inalia, inalia, inanyamaza. Wairimu akasema, "Inatafuta intaneti yenyewe. Imezoea." Akasema hivyo akiwa na furaha, kama mtu ambaye ng'ombe wake amejua njia ya kwenda kwa maji. Mimi nikaichukia zaidi. Nikasema kumbe hii haingoji hata kutumwa.

Halafu siku moja asubuhi akaingia mama mzee. Leso mbili, kiondo mgongoni kamba ikiwa kwa kichwa, viatu vya plastiki vimejaa vumbi jekundu la kwetu. Akasimama mlangoni akaangalia zile kompyuta moja moja. Akauliza kwa Kikamba, "Ni gani kati ya hizi inayonifokea?"

Nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa uso. Miaka nimebeba hiyo sauti. Alikuwa mama yake Musyoka, Musyoka wa karakana ya reli, mtu mpana mwenye maneno machache. Huyo mama alikuwa anapiga kutoka Mwingi kila siku ya soko. Nikamkalisha, nikampa maji. Akakunywa akamaliza, akaniuliza, akiniita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, ni mimi niliwakosea nini?"

Akatueleza. Binti yake alikuwa ameposwa. Watu wa bwana wakataja siku ya kuleta mbuzi za ntheo, zile mbuzi zikichinjwa na kuliwa ndipo msichana anahesabika ameolewa. Baba wa hao watoto amekufa, kwa hivyo kifungua mimba ndiye anasimama mahali pake, na kifungua mimba ni Musyoka. Mama akaenda posta kumpigia amwambie siku. Simu ikashikwa. Lakini haikushikwa na mtu.

"Ilifanya nini?" akauliza Odhiambo. Alikuwa chini ya meza siku hiyo anabadilisha waya, tulikuwa tumesahau yuko.

Yule mama akaweka kikombe chini. Akakaa sawa. Akafunga macho akailia yote: ule mlio wa kwanza mrefu, kimya kidogo, halafu kokoto. Wallahi, mimi nimeiga watu maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu amepata kokoto namna ile. Nikamwambia, "Mwaitu, hapo mwanzo nafikiri ni chini kidogo." Akanijibu, "Wewe uliisikia ukiwa hapa. Mimi niliisikia ikiwa ndani ya sikio." Akairudia.

Odhiambo akatoka chini ya meza taratibu, utando wa buibui kwa nywele. "Hiyo si sauti ya kupiga," akasema. "Hiyo ni sauti ya kupokea." Akafunika uso na mkono. Kumbe alipoweka modemu, Wairimu alikuwa amemwomba pia wapokee faksi, na yeye akaiambia modemu ishike simu yoyote ikiingia. Iwe faksi, iwe mtu. Yale makelele yote ya asubuhi tuliyosema inatafuta intaneti, walikuwa ni watu wetu wa mashambani wanapiga, na mashine inawajibu.

Mama Musyoka alikuwa ameenda posta soko baada ya soko. Foleni nzima ilipokezana mkono wa simu ikisikiliza. Mmoja akasema Nairobi kuna moto. Mzee wa kanisa akashika simu akaikemea kwa jina la Yesu, akasema imenyamaza, na kweli ilinyamaza, kwa sababu haikupata faksi. Siku ya mbuzi ikafika. Wageni wakafika. Musyoka hayupo. Wajomba wakasema hakuna kisu kitatoka bila kifungua mimba. Mbuzi wakafungwa kwa mti, wakalia mpaka jioni, halafu wakarudishwa kwao kwa miguu, na msichana amejifungia ndani kwa aibu.

"Kwa hivyo nimekuja mwenyewe," akasema. "Watu wa bwana wameniambia watarudi Jumamosi, mara ya mwisho. Niitieni mtoto wangu."

Hilo neno. Niitieni mtoto wangu. Nilitoka hapo nikikimbia kama msichana. Sikuwa nimeitia mtu siku nyingi. Barabara yote ya kwenda karakana watu wananiuliza, "Mama Mwende, ni nani?" na mimi nawapungia mkono tu, nina habari, nina kazi. Nikafika kwa lango la karakana, wanaume wamekaa nje wanakunywa chai ya saa nne, Musyoka katikati yao na kipande cha mkate.

Mmoja wao akasema, "Niaje, Mama Simu, leo umeletea nani?"

Ningefanya nini? Nikaanza. Nikakunja mgongo, nikashika kamba ya kiondo kwa paji la uso, nikasema kwa sauti ya mama yake vile ilivyokuwa, na ule mtetemo wa mwisho wa maneno, "Mwanangu, mbuzi wamelia mpaka jioni, na wewe hukuwepo, na dada yako amejifungia." Halafu nikaiga mzee wa kanisa akikemea simu. Halafu mbuzi. Wale wanaume walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilikuwa nimeiweka vizuri. Ilikuwa nzuri kuliko zote.

Musyoka hakucheka. Aliweka mkate kwa karatasi, akasimama, akanifuata. Njia nzima mimi niliongea kwa niaba yetu wawili.

Alipoingia bureau akamwinamia mama yake, wakasalimiana, akamshika mkono akasema Jumamosi atakuwa huko, angeenda hata kwa miguu. Mama akalia kidogo, akajipanguza na leso, akafungua kiondo akatoa maembe. Mambo yakawa yamekwisha, lakini Wairimu alikuwa bado amesimama kando ya ile kompyuta ya katikati, ameshika waya wa simu. Aliogopa machozi ya mama wa mtu, na si machozi ya kuchezea.

Foleni ya imeli ilikuwa hapo mlangoni, inasikiliza. Wairimu akasema, na hakuongea na mimi, "Bwana Musyoka, ni nyumba yako imeumia. Sitaki laana kwa mbiashara yangu. Ukisema niitoe hii kitu, naitoa sasa hivi mbele yenu, simu irudi ya watu kama zamani, asubuhi na mchana, na Mama Mwende awe anaita. Ukisema ibaki, Odhiambo ataitengeneza isishike simu, lakini asubuhi laini ni ya mashine, na nafikiri mchana pia itakuwa yake. Sema wewe."

Odhiambo akasema, "Naweza kuitengeneza, ni kitu ya kubonyeza tu."

"Nimemuuliza yeye," akasema Wairimu.

Nikakaa kwa stuli yangu. Nikanyoosha kile kitambaa cha simu. Nilijua jibu, kwa sababu ni mtu gani mashine imemrudishia mbuzi za dada yake halafu aitetee? Nilikuwa tayari hata nimefikiria vile nitamuiga Wairimu akichomoa huo waya.

Musyoka akamenya embe, akampa mama yake kipande. Halafu akaniangalia mimi, si kwa hasira, kama mtu amechoka tu, na akamjibu Wairimu.

"Wacha mashine ibaki. Ina kelele, lakini haina umbea."